Swali Lisilosema Shikamoo

"Watu wote wa Mbulu, Dongobesh na Katesh mnatangaziwa: tangu leo ni marufuku kujibu swali la insha kabla serikali haijalielewa!"

Ndivyo alivyopiga mbiu tarishi wa boma, na watu wakaona ni busara. Mwaka uliopita kijana wa Hirbadaw aliulizwa na chuo cha ualimu habari za mvua, akajibu habari za shangazi yake. Serikali ilifedheheka. Ikaundwa Kamati ya Uelewa wa Maswali, mwenyekiti wake Bwana Hermani, karani mkuu, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata ukiivua inasimama yenyewe.

Benedikta wa Endasak alifika Katesh asubuhi na swali lake mkononi. Nafasi ya kusoma chuo cha ualimu ilikuwa moja tu, na lori la misheni lingechukua insha saa kumi jioni. Swali alishalielewa tangu jana akipura maharage. Lakini kuelewa bila kibali ni kosa. Akasoma mbele ya kamati:

"Eleza jambo moja linalochelewesha maendeleo wilayani kwako. Toa mfano."

Mzee Gidabuday, mjumbe wa wafugaji, akakohoa. "Limeingia hivi hivi? Mbona halijasema shikamoo?"

Bwana Hermani akashtuka. Kweli! Limekuta wazee, likaanza kuamuru: eleza, toa.

"Shikamooni," Benedikta akawahi.

"Marahaba. Wewe umeshasalimia, binti. Tunangoja swali."

Ikabidi kujua kwanza mkubwa ni nani, chuo au kamati. Chuo kilijengwa lini? Mmoja akasema mwaka wa nzige. Mwingine akasema hapana, wa nzige wale wengine. Wakala makande, wakarudi kwenye nzige.

"Wazee wangu, lori..." Benedikta akasema.

"Hilo swali lina ng'ombe?" Gidabuday akauliza.

"Halina, babu."

"Basi haraka ya nini?"

Benedikta akatazama jua. Akajisogeza pembeni, akatoa penseli.

"Unaandika nini wewe?" Bwana Hermani akafoka.

"Mnayosema, Bwana, yasipotee."

"Vema! Jina langu liweke kwa herufi kubwa."

Jua likiwa limeshainama, kamati ikaamua: swali ni dogo kwa umri, ila ni mgeni, hivyo Benedikta awaamkie wazee kwa niaba yake. Akawaamkia. "Marahaba, swali," wakaitikia wote, na Bwana Hermani akaligonga muhuri: LIMEELEWEKA. Benedikta akasogeza na insha, ile aliyokuwa akiiandika pembeni. Bwana Hermani akaigonga nayo bila kuisoma, maana kazi ya kamati ni kuelewa, kusoma hakumo.

Dereva Lukasi alikuwa ameshawasha lori.

Mvua zilipoisha, Lukasi akaleta habari: Benedikta yuko chuoni, na mfano alioutoa umewapendeza walimu mno, wanamwomba Bwana Hermani afike mwenyewe. Kaptura ikapigwa pasi mara mbili.

Chuoni wakamkalisha kwenye kiti kirefu mbele ya darasa.

"Nihutubie?"

"Hapana, Bwana. Kaa tu."

Benedikta akaja na fimbo ya ubaoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bwana Hermani."

"Marahaba, mwanangu!"

Akawageukia wenzake, akaielekeza fimbo kwenye kile kiti.

"Jamani, mfano wenyewe ndio huu."