Jiko la Umeme Lililopika Umeme Ukiwa Haupo

Leo nimeaibika. Nimeaibika nikiwa nimevaa Kaunda suti, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nawaandikia wenzangu mlioko Mahenge sasa hivi, kabla Gaspari hajawafikishia habari yake yenye chumvi.

Mnanijua. Darasa la nne sikulimaliza, lakini nilibeba mchele kwa baiskeli kutoka Lupiro mpaka Ifakara, mvua na jua, hadi nikanunua mashine ya kukoboa mpunga, ya dizeli, yangu. Hapa Lipangalala mwenye jiko la umeme la pleti nne na oveni yake ni mimi tu. (Limekaa sebuleni. Kitu cha thamani namna ile hakikai jikoni.) Juu yake kuna kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki.

Sasa, leo jioni mtaa ulikuwa unachagua mwenyekiti wa kamati ya chanzo cha maji. Niliutaka uenyekiti ule jamani! Tulikuwa wawili: mimi na huyo Gaspari, fundi wa kuchomelea vyuma. Kampeni yangu ilikuwa moja. "Mkaa ndio unaomaliza miti na kukausha chanzo chetu. Kwangu mkaa hauingii!" (Unaingia kwa mlango wa nyuma.)

Asubuhi tukaambiwa kuna dada mtaalamu kutoka chuo kikuu. Anazunguka bonde akiuliza watu wanavyoishi: maji yakipungua mnafanyaje, umeme ukikatwa mnapika na nini, mpunga ukikosa maji mnakula nini. Majibu anayaingiza kwenye kompyuta, nayo inamwonyesha bonde litakavyokuwa huko mbele.

"Mwambieni aanzie kwa mtu wa maana," nikasema.

Nikamwita mke wangu, Mama Odilia. "Ficha lile jiko la mkaa. Na chakula cha wageni kitoke kwenye jiko la umeme, wakione kwa macho yao."

"Baba Odilia, lakini umeme..."

"Usinijibu! Fanya."

Akanitazama kidogo, akaenda zake. Mimi nikaenda kupaka viatu rangi.

Dada akaja na kompyuta yake, nyeusi, inafunguka kama sanduku dogo. Nyuma yake majirani kibao, na Gaspari miongoni mwao.

"Wewe huna kazi leo?" nikamtania.

"Leo nimepumzika, mwenyekiti."

(Hilo neno mwenyekiti lilinikolea vizuri mno. Nikaacha kufikiri.)

"Shikamoo baba," dada akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu kwenye nyumba ya kisasa."

"Asante. Hapa kwenu mnapika na nini?"

"Umeme. Asubuhi umeme, mchana umeme."

"Na maji yakipungua kwenye bwawa la umeme kule Kidatu, mgao ukianza?"

"Mgao ni wa watu wasiojipanga!"

Majirani wakaguna kwa heshima. Nikaona kura zinaingia kama mpunga kwenye gunia. Na hapo harufu ya maharage ikatokea, tamu, yenye vitunguu. Nikanyoosha kidole kwenye oveni.

"Mnasikia hiyo? Yanachemka humo. Hakuna moshi, hakuna masizi."

"Yanachemka sasa hivi?" dada akauliza.

"Sasa hivi!"

Gaspari akakohoa. "Mwenyekiti, unajua kwa nini leo sichomelei?"

"Uvivu."

Watu wakacheka. (Ndicho kicheko cha mwisho kilichokuwa upande wangu.)

"Umeme hakuna tangu alfajiri, Baba Odilia. Mtaa mzima."

Nikatazama jiko. Maua ya plastiki yalikuwa yameinamisha vichwa kama wafiwa, na pembeni ya mlango wa oveni kamoshi kembamba kanapanda. Mtu mwenye akili angeomba maji ya kunywa akatoka nje. Mimi nikasema hivi:

"Jiko hili ni la kisasa. Linatunza umeme wa jana." (Ee Mungu nisamehe.)

"Naomba nilione, baba," dada akasema, macho yamemtoka.

Ningefanyaje? Nikafungua. Jamani! Ndani ya oveni limekaa jiko la mkaa, makaa mekundu kabisa, sufuria juu imejaa masizi. Kaa moja likaruka, likatua kwenye kiatu changu kilichong'aa. Nikacheza ngoma ambayo Wapogoro hawajawahi kuiona.

Mama Odilia akaingia na sahani, mpole kama siku ya komunyo. "Ulisema nifiche jiko, na chakula kitoke kwenye la umeme. Nipakue?"

Gaspari alikuwa ameshakaa chini, anashika mbavu.

Dada ndiye aliyenimaliza, tena bila ubaya. "Mama, na umeme ukiwepo?"

"Mkaa vilevile. Siku nikiliwasha hilo, anasimama kwenye mita anaitazama kama mgonjwa, mpaka nizime."

"Nilikuwa nawakosa hawa!" dada akashangilia. "Mimi nilidhani mwenye jiko la umeme ameachana na mkaa." Akafungua kompyuta, akabonyeza, akabonyeza. "Sasa nachukua watu wanaofanya kama baba, nawajaza bonde zima."

Tukasogea wote. Kwenye kioo kukatokea mstari. Ukaenda sawasawa kidogo, halafu ukaporomoka.

"Huo ni mstari wa nini?" Gaspari akauliza.

"Maji ya mto. Miti imeisha, maji yanafuata. Na mpunga nao."

"Loh! Baba Odilia ameukausha Kilombero akiwa amekaa kwenye kochi!"

Hata bibi jirani, ambaye hasikii vizuri, alicheka.

Maharage waliyala yote. Jioni kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Kwa Gaspari mikono ilisimama kama mianzi, wa Mama Odilia ukiwa mbele. Kwangu ulisimama mmoja, nao ulikuwa na saa yangu.

Basi nawaomba huko Mahenge msinicheke sana. Nilimsindikiza yule dada mpaka barabarani, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama watu wa aina yangu wapo wengine. Akasema tumejaa, na kesho anapanda milima kuja kwenu.