Tume ya Madereva Wasio na Historia

Kwa heshima na taadhima, na kwa kipaza sauti kilichosikika mpaka sokoni, Tume ya Usafi wa Historia za Madereva wa Teksi iliutangazia umma wa Gitega kwamba amani imefika, wakimbizi wanarudi, na kwa hiyo hakuna tena sababu ya abiria kubebwa na mtu mwenye historia.

Tangazo lile niliandika mimi, Kasiano, Katibu wa Tume. Neno taadhima lilikuwa wazo langu binafsi.

Tume ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Egidius, mtu wa kalamu mbili mfukoni na wino katika moja. Mama Kasilda alikuwa mshauri wa maadili, aliyeteuliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini. Wa tatu ni mimi. Kazi yetu ilikuwa kuamua kama mtu aliyewahi kuhukumiwa, hata iwe zamani kiasi gani, anastahili leseni ya teksi.

Karatasi nyingi za mahakama zilikuwa zimepotea katika vita, kwa hiyo tulitumia njia ya kitaalamu: tuliwauliza wenyewe. Wote walisema hawajawahi kuhukumiwa. Tukawapa leseni siku hiyo hiyo. Mmoja aliuliza breki ni ipi, lakini swali hilo halikuwa katika mamlaka yetu.

Muda ukapita, nasi tukaanza kuingiwa na wasiwasi. Tume ya wakosaji isiyo na mkosaji hata mmoja ingewafanya wakubwa waulize tunakula posho ya nini. Ndipo alipoingia Venansi, baada ya siku kadhaa za foleni mlangoni, akavua kofia, akaulizwa kama wengine, akajibu kwamba ndiyo, amewahi kufungwa. Mama Kasilda mwenyewe alimletea kiti.

Venansi ni mtu wa Bugendana, lakini alikulia Tanzania, kambini. Aliporudi alikuta shamba la baba yake linalimwa na watu wengine, na kesi ya shamba ikawa inakwenda polepole kama kesi za mashamba zinavyokwenda. Yeye, mkewe Anisia na watoto walibanana katika chumba cha ndugu wa Anisia. Kitu alichokuwa nacho ni mikono ya dereva, maana kambini aliendesha lori la mahindi ya msaada kwa miaka. Waziri, mfanyabiashara wa Magarama, alimwahidi Corolla yake aifanye teksi. Ila Waziri alisema wazi: leseni isipotoka kabla ya juma kuisha, gari anampa mpwa wake. Venansi alitueleza hayo bila kulia. Mwenyekiti alinong'ona niandike kwamba mwombaji ana haraka, jambo linalotia shaka kwa dereva.

Kisha akafungua kikao.

"Kosa yako ilikuwa nini?"

"Kutoka kambini bila kibali, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kulima kwa watu, nipate maharage. Mgao ulikuwa umepunguzwa."

"We peke yako?"

"Na baiskeli. Shemeji yangu alikaa nyuma."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini, ile yenye wino. "Donc ulibeba abiria bila leseni. Hiyo ni dosia ingine." Nikafungua faili la pili.

Mama Kasilda naye alikuwa na lake. "Mi naogopa kitu moja. Huyu kosa yake ni kusafiri. Sasa anaomba kazi ya kusafiri. Si ni sisi tutakuwa tunamusaidia kurudilia kosa yake?"

Hoja ilikuwa nzito. Niliipigia mstari.

Lakini Tume haikuwa na roho mbaya. Kanuni zetu zilikuwa na kipengele cha maridhiano: aliyekosa amlete aliyemkosea, wanywe urwarwa, pombe ya ndizi, katika chungu kimoja mbele ya Tume, na hapo historia yake ihesabiwe imeoshwa. Mwizi wa mbuzi amlete mwenye mbuzi. Mpigaji amlete mpigwa. Tukamuuliza Venansi alipotoka kambini alimkosea nani. Alikuna kichwa kwa muda, maana ni mtu wa kweli na alitaka kutusaidia.

"Labda geti," akasema.

Tulijadili kwa saa nzima kama geti linaweza kunywa. Mwishowe Venansi akakumbuka kwamba geti lilikuwa na mtu wake. Aliyemkamata ni sungusungu wa kambi, mkimbizi mwenzake aitwaye Emmanuel, na huyo naye amerudi, sasa analinda kizuizi pale magari yanapoingilia Muyinga. Kazi ile ile, kamba mpya. Kwa kuwa mlinzi haachi kizuizi, Mwenyekiti aliamua kwamba Tume itakwenda Muyinga asubuhi ya kesho yake, bila kupoteza muda.

Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yake yakiwa katika shughuli nyingine za taifa. Waziri alitukopesha Corolla, akitumaini itarudi na leseni ndani. Dereva wa kuiendesha ni Venansi tu. Hapo nilihoji kama ni halali Tume kubebwa na mtu ambaye Tume haijamruhusu kubeba mtu. Mwenyekiti alitoa uamuzi mlangoni mwa gari: kwa kuwa hatulipi, sisi si abiria, na kwa kuwa hana abiria, yeye si dereva wa teksi. Kisheria, gari lilikuwa linajiendea lenyewe.

Lilijiendea vizuri mno. Tulipita njia ya Karuzi, kwenye mashimo na mbuzi na vijana wanaoteremka milima na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli, na dumu la urwarwa mapajani mwa Mama Kasilda halikumwaga hata tone. Mama Kasilda alilala usingizi wa mtoto. Sikuandika jambo hilo, lisije likaathiri uamuzi.

Emmanuel alikuwa mrefu, mwembamba, kamba ya kizuizi mkononi. Aliinama dirishani, akamtambua dereva, na badala ya salamu akasema, "Venansi. Kibali kiko wapi?"

Nilidhani ni utani. Venansi alitia mkono katika shati, akatoa karatasi ya chifu wa kilima chake, yenye muhuri, inayosema anakwenda Muyinga na atarudi.

"Tangu kule sitoki bila karatasi," akasema. "Hata nikienda Itaba msibani."

Emmanuel aliisoma mpaka chini. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamebadilika. Alituketisha chini ya kivuli cha kibanda chake, akaleta chungu, Mama Kasilda akamimina. Tukamweleza kwamba amekuja mtu kumwomba msamaha. Emmanuel alishika mrija bila kuutia mdomoni.

"Ndugu yangu, nilikuwa na njaa kama wewe," akamwambia Venansi. "Nilikukamata kwa sababu anayekamata alikuwa anaongezewa unga. Wewe ndiye unisamehe."

Venansi alimwambia yamekwisha zamani. Wakanywa. Katibu hana ruhusa ya kuhisi kitu wakati wa kikao, lakini nilihisi, nikajitia nasafisha miwani.

Mwenyekiti alipiga makofi kidogo. "Bon. Kosa ya geti imeisha. Inabakia ile dosia ya shemeji. Tutaangalia mwezi unaokuja, ku Gitega."

Venansi alilitazama gari la Waziri kama mtu anayeaga.

Emmanuel alifuta midomo, akasimama, akarudi kazini. "Na nyinyi wakubwa, vibali vyenu?"

Mwenyekiti alicheka, akamweleza kwamba vibali anaviandika yeye. Emmanuel alikubali, kisha akauliza kibali cha Mwenyekiti mwenyewe kutoka Gitega kaandika nani. Hapo tulitazamana. Mtumishi wa serikali hatoki kituo chake siku ya kazi bila ordre de mission, karatasi inayosainiwa na mkubwa wake, na katika kutopoteza muda hakuna aliyeiomba. Mwenyekiti alifafanua kwamba uzito wa shughuli yenyewe ndiyo ruhusa. Emmanuel alijibu kwa adabu kwamba kule getini alisikia maelezo kama hayo kwa watu wenye njaa zaidi, na aliwakamata. Akatupeleka kwenye benchi la mahakama ndogo tumngoje hakimu, ambaye alikuwa anakula.

Venansi alikuja kuaga. Alikuwa na kibali, hakuwa na kesi, na gari lilitakiwa kwa mwenyewe kabla ya jioni. Mwenyekiti alimwambia atungoje. Venansi alisema angengoja kwa moyo wote, ila kuna tatizo: asubuhi tulikuwa Tume, sasa ni watu waliokamatwa, na watu waliokamatwa wakipanda gari lake ni abiria. Leseni ya abiria hana.

Sijawahi kuona dosia ikifungwa upesi namna ile. Mama Kasilda alitamka kwamba shemeji si abiria, ni familia. Mwenyekiti alisaini juu ya goti langu, muhuri nikautoa mfukoni, na Venansi akawa dereva wa teksi tukiwa bado watu safi. Hakimu aliingia mara tu baadaye. Aliuliza kama tulitoka Gitega bila kibali. Mwenyekiti alitaka kuanza na malengo ya Tume, akaombwa aseme ndiyo au hapana. Akasema ndiyo. Tukaonywa, tukaandikwa, na tukarudi nyumbani tukiwa na historia.

Habari zilitutangulia. Ofisi ya juu ilitusimamisha kwa kanuni zetu wenyewe, mpaka tutimize maridhiano: tumlete mtu tuliyemkosea kwa kutokuwepo kazini siku ile, tunywe naye.

Tulianza na mlinzi wa ofisi. Alisema hakujua kwamba tulitoka. Waombaji waliopanga foleni walisema mlango ulikuwa umefungwa kama kawaida. Tulizunguka maduka ya Magarama, tukauliza wauza chumvi, mafundi cherehani, akina mama wa nyanya. Wote walituhurumia, na hakuna aliyeumia. Mama mmoja alisema kama tunatafuta wa kunywa naye tu, mumewe yupo.

Mwishowe tulipanda teksi ya Venansi, safari hii kwa nauli. Mwenyekiti alisogea mbele mpaka kidevu kikagusa kiti cha dereva.

"Venansi, we ulitungojea siku mingi. Utusaidie. Sema tu tulikukosea hiyo siku hatukukuwa ku biro."

Venansi alipunguza mwendo. Ni mtu wa kweli, na niliona kabisa jinsi alivyotaka kutusaidia.

"Mheshimiwa, siku ambayo hamkuwepo ofisini ndiyo niliyopata leseni," akasema. "Mlinikosea siku zile mlizokuwepo."

Mwenyekiti alimwomba asimamishe gari. Tulilipa, tukateremka, na Tume ikapanda kilima kwa miguu.