Ubia Wangu wa Behewa la Chimala

Jumatatu, 16 Juni 2025
Shirika la reli linatafuta wabia wa kuendesha behewa la abiria, Mbeya hadi Makambako, kupitia hapa kwetu Chimala. Mwisho wa maombi Ijumaa. Mtu peke yake hapokelewi. Lazima wawili wenye mkataba. Nimestaafu ualimu, si akili. Nimemchagua Nyanda, mfugaji Msukuma aliyehamia Usangu. Yeye mtaji, mimi maarifa. Rozalia, mke wangu, ameuliza kama nimewahi kuendesha hata baiskeli bila kuanguka. Mwenyekiti wa kampuni habishani jikoni.

Jumanne, 17 Juni
Nimemweleza Nyanda tangu asubuhi. Akasinzia. Ndipo nikakumbuka desturi ya kwao Usukumani: unamkabidhi mwenzako ng'ombe amtunze, ng'ombe anabaki wako, maziwa anakunywa yeye. Nikasema shirika ndilo lenye ng'ombe, sisi watunzaji. Akaamka kabisa. Kumbe ndicho hicho, Mwalimu, mbona umezungukia Ulaya? Tutasaini Alhamisi.

Kwa furaha nikapita kwa Liberatus, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, nikamweleza naye. Nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mzito. Leo ameelewa upesi.

Jumatano, 18 Juni
Rozalia amemwona Liberatus akielekea kwa Nyanda. Nimemwambia amefuata maziwa. Akauliza, kwa suti?

Alhamisi, 19 Juni
Nyanda amesaini na Liberatus. Nimemfuata zizini. Hakukasirika. Amesema hukabidhiwi ng'ombe kwa kujua kumwelezea. Unakabidhiwa kwa kuwa na malisho na mikono. Liberatus anafungua injini na kuirudisha. Mwalimu je? Nikaanza kueleza. Akanipa mtindi. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 20 Juni
Nimepeleka ombi Mbeya hivyohivyo. Limekataliwa: niko peke yangu. Sijavunjika moyo. Nina mpango mkubwa zaidi: treni ya abiria ya Iringa mjini. Reli haijafika huko, kwa hiyo hakuna mshindani.

Mbia nimempata palepale kwenye benchi la kungojea. Bwana Dastan, mfanyabiashara wa Kilolo, mpole sana. Nimemchorea njia nzima, pamoja na mabehewa ya viazi nyuma ya yale ya abiria. Akaomba nirudie sehemu ya mabehewa ya viazi. Nikarudia polepole. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia ni siri. Ameondoka na mchoro.

Atanipigia Jumatatu. Namba yangu hakuichukua, lakini mtu makini vile ataitafuta.