Mtoto wa Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Nimeitwa kwenye usaili Ijumaa, shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, nafasi ya msimamizi wa ofisi. Mama aliyeishika kazi hiyo miaka yote anastaafu. Zamu yangu sasa.

Mke wangu yuko kwa kaka yake tangu mvua zilipoanza, na binti yetu kaenda naye. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema tu kwamba atarudi siku nikiwa na kazi yenye kiti, maana amechoka na kazi zangu za kusimama pembeni nikisubiri mambo yajipe. Ufugaji wangu wa sungura haukuwa kusimama pembeni, lakini sikubishana.

Nimemsomea dada barua nzima. Ninaishi kwake, chumba cha uani. Akasema heri, akaendelea kuchambua mchele. Shemeji akauliza kama nikipata kazi nitaondoka na godoro au nitaliacha. Hakuna anayeniamini katika nyumba hii.

Balaa moja. Mpangaji wa chumba cha pili hapa uani naye ameitwa. Mimi humwita Bwana Tai, kwa kuwa hawezi kwenda hata bombani bila tai shingoni. Kaniambia mwenyewe, huku anatabasamu, akapendekeza tujiandae pamoja. Pamoja! Mtu akikuchekea hivyo ujue ana lake. Nimemjibu kwamba sihitaji.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Tai anafanya mazoezi barazani, kwa sauti, makusudi nisikie. Anajiuliza na kujijibu. Simu inalia, mzazi anafoka, mtoto katapika kwenye benchi: unaanza na lipi? Akajibu kwamba unaanza na mtoto, kwa sababu simu itapigwa tena na mzazi ana miguu ya kusimamia. Nilichekea ndani ya shuka. Halafu nikajiuliza mimi ningejibu nini, nikaacha kucheka.

Lakini kukariri ni kwa wasio na akili. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kesho nitaingia ofisini humo kama mzazi anayemtafutia mtoto nafasi. Nitakaa, nitatazama, nitajua mafaili yako wapi na nani anamwogopa nani. Ijumaa wenzangu watakisia, mimi nitajua. Yule mama akiniona haidhuru. Si anastaafu?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Nimerudi. Kazi safi.

Mama mwenyewe nimempa jina la Mama Funguo. Ana shada la funguo kiunoni, na ukimsikia anakuja unakaa sawa hata kama hukukaa vibaya. Nikamwambia nina mtoto wa kiume, miaka minane. Mimi nina binti tu, tena wa miaka saba, tunamwita Kasuku kwa sababu kila anachosikia anakirudia. Lakini sikutaka kumwingiza mwanangu kwenye uongo. Nina mipaka yangu.

Nilidhani atachukua kalamu na kuandika. Wapi! Huyu mama haandiki kitu mpaka amjue mtoto. Anakula vizuri? Anaogopa nini? Akikemewa analia au ananyamaza? Ikabidi nijibu. Nikasema kifua kinamsumbua wakati wa baridi. Anaogopa mbwa. Akikemewa ananyamaza siku nzima. Anapenda kukaa karibu na dirisha, si kwa utundu, ila akiona nje anapumua vizuri. Maneno yalikuja yenyewe, na nilipofika kwenye dirisha ndipo nikagundua namsema nani. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na mimi hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

Ndipo Mama Funguo akachukua kalamu. Akasema kuna dawati moja karibu na dirisha, mguu wake mmoja umelegea, atamwita fundi aukaze. Nimlete mtoto kesho asubuhi. Nikashukuru kwa moyo wote.

Nilichovuna: kengele ya umeme iko chini ya meza, upande wa kulia. Mashine ya kunakili haifanyi kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Watoto wagonjwa hukaa benchi la ndani, watundu benchi la nje. Bwana Tai hayajui haya.

Alhamisi, 6 Machi

Shati limeungua. Nilikuwa napiga pasi huku najizoeza kusema "shule ni moyo na ofisi ni mapigo yake," nikatua pasi ili ninyanyue mkono vizuri. Sasa kifuani kuna alama ya pasi nzima, kuanzia ncha mpaka kisigino.

Bwana Tai akaona. Akaenda chumbani kwake, akarudi na tai pana ya rangi ya zambarau, akaniambia hiyo itafunika. Nikaichunguza mbele na nyuma. Sikuona mtego, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Nimeipokea.

Nimempigia mke wangu. Nikamwambia kazi ni kama nimeshapata, usaili ni desturi tu. Akauliza, nimepata au ni kama nimepata? Nikasema kwa watu wenye macho hayo ni mamoja. Kisha akasema Jumapili atakuja na Kasuku. Kama ni kweli, atakuja na mabegi.

Aliposema mabegi nilikaa kitandani. Sikumbuki mara ya mwisho nilitaka kitu namna hii.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike upesi kabla sijajipa sababu ya kutoandika.

Jopo lilikuwa watu watatu. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee wa kuguna. Na wa tatu, pembeni, funguo zimewekwa mezani: Mama Funguo. Kumbe anayestaafu ndiye anayemchagua atakayemwachia funguo. Nani alipaswa kuniambia?

Akanitazama. Akauliza kama mimi si baba wa yule mtoto wa dirishani. Akasema jana alimngoja asubuhi nzima. Fundi alishakaza mguu wa dawati. Mtoto yuko wapi?

Ningeweza kusema ana homa. Ningeweza kusema amekwenda kwa bibi yake. Dunia ina mabibi wangapi! Lakini niliona uso wa Mama Funguo unaanza kufikiri, nikataka swali life lisifufuke. Nikainamisha kichwa. Nikasema ametutoka.

Mwenyekiti aliacha kuguna. Mama Funguo alivua miwani yake ya kusomea, akaiweka, akaichukua tena, hakuivaa. Mwalimu mkuu akauliza ni lini. Nikasema jana alfajiri, kifua. Wakasimama wote watatu na mimi nikasimama, tukainamisha vichwa, na katika ukimya ule mashine ya kunakili ikaanza kunguruma bila kupigwa kofi. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja la usaili. Mwalimu mkuu alinishika mkono mpaka getini, akisema mwanamume anayetoka msibani kuja kutafutia waliobaki riziki ni mwanamume wa kuigwa.

Bwana Tai alikuwa kwenye benchi, mlango wazi. Alisikia yote. Anajua fika sina mtoto wa kiume.

Jioni akaja uani. Hakufoka. Akasema nirudi Jumatatu mapema nikaseme ukweli, kabla jambo halijaota mizizi, na akitakiwa atanisindikiza. Nimemwelewa vizuri sana. Anaitaka kazi.

Lakini nimekosa raha. Miaka minane tu, na aliogopa mbwa.

Jumamosi, 8 Machi

NIMEPATA KAZI.

Mwalimu mkuu kapiga simu mwenyewe. Jopo limekubaliana kwa sauti moja, nianze nikishamaliza matanga. Nilijibu kwa sauti ya chini, kama mfiwa, huku naruka kwa mguu mmoja. Akauliza nyumba yetu ilipo. Nikamwelekeza vizuri kabisa, mpaka kona ya kinyozi. Lazima wanataka kuleta barua ya ajira.

Nimempigia mke wangu. Nimesema neno moja: mabegi. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinaanzia wapi.

Jumapili, 9 Machi

Alikuja na mabegi matatu. Akavua viatu akaviweka kando ya vyangu. Kasuku akanirukia shingoni, akanieleza habari zote za kwa mjomba wake, pamoja na yale ambayo mjomba amesema juu yangu. Dada akanitazama kwa macho mapya. Shemeji akasema godoro naweza kuondoka nalo. Kwa muda kama wa kunywa chai nilikuwa mtu mzima mwenye familia yake.

Kisha wakaingia. Mwalimu mkuu, mwenyekiti, Mama Funguo, na walimu wengine nyuma yao, nguo nyeusi, wanatembea polepole. Dada akadhani wamekuja kunipongeza, akatoa soda. Mwalimu mkuu alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, na jina langu niliweza kulisoma kutoka nilipokaa. Mama Funguo akaenda moja kwa moja kwa mke wangu, akamshika mikono miwili, akampa pole.

Mke wangu akauliza pole ya nini.

Ya mwanao, mama, akasema Mama Funguo. Yule wa miaka minane, wa kifua, aliyependa dirisha.

Mke wangu ana Kasuku mapajani na ndoa ya miaka tisa. Niliona anapiga hesabu. Akanigeukia, akaniuliza taratibu mama wa mtoto huyo ni nani. Walimu wakatazamana. Dada akaweka chini sinia la soda.

Nilikuwa na njia mbili. Nikisema mtoto hakuwepo, bahasha inaondoka. Nikisema alikuwepo, mabegi yanaondoka. Mtu mwingine angechagua. Mimi nikaona njia ya tatu. Nikamwinamia mke wangu sikioni, nikamnong'oneza kwamba hakuna mtoto, nimemtunga tu, nitamweleza wageni wakishaondoka, kwa sasa alie kidogo.

Nilisahau nani yuko mapajani mwake.

Kasuku ana sauti safi, inayofika mpaka barabarani. "Baba anasema hakuna mtoto, amemtunga tu, mama alie kidogo."

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Mwenyekiti akaguna mara moja. Mwalimu mkuu akanyanyuka na bahasha yake. Mama Funguo alikuwa wa mwisho kutoka. Akasema tangu Alhamisi hajamruhusu mtoto yeyote akae kwenye dawati lile, na kesho atamruhusu.

Mabegi yalikuwa bado hayajafunguliwa. Mke wangu akasema kukosa kazi angenivumilia. Hata mtoto wa nje, angelia, angezira, mwisho angemlea. Lakini anayeweza kumzika mtoto ambaye hayupo, akibanwa siku moja, atamzika na aliyepo. Kasuku alilia mlangoni. Si kwa ajili yangu. Alisema alishaanza kumpenda kaka yake.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Tai amepewa kazi. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu kama mtu anayeleta msiba. Nikamrudishia tai yake, akakataa, akasema itanifaa. Akanieleza pia kwamba shule ya ng'ambo ya daraja inatafuta karani wa ofisi, na usaili ni wiki ijayo.

Mke wangu hapokei simu. Nimezungumza usiku na mchana na mto wangu wa kulalia. Nimejikagua bila huruma, kila hatua, na nimeona nilipokosea. Kwenda kuchungulia ofisi hakukuwa kosa. Yule mtoto hakuwa kosa, watu walimpenda. Nilikosea mahali pamoja tu, pale Ijumaa, kwa haraka.

Leo asubuhi nimefunga tai ya zambarau, nimevuka daraja. Karani wa huko, anayehama, ni kijana mkarimu, akanipa kiti. Nikamwambia nina mtoto wa kiume, ana miaka minane, kifua kinamsumbua kidogo, na ningeomba akae karibu na dirisha.

Safari hii atapona.