Kikohozi cha Mgongo wa Fossett

Jumatatu, 3 Aprili
Babu Orrin ana miaka sabini na tisa. Goti la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Amesema tu kwamba bunduki imeanza kuwa nzito, akaendelea kuipaka mafuta. Harufu ya utoto wangu: mafuta ya bunduki, kahawa iliyochemka mno, sufu iliyolowa. Bibi alikuwa akiwafukuza wote wawili, Babu na bunduki, wakakae kibarazani.

Kibali cha kumwinda kondoo mwitu dume wa majabali hutolewa kwa bahati nasibu. Babu ameomba tangu sijazaliwa. Kila akikosa anapata pointi ya kumpoza, na wenye pointi nyingi hutangulizwa. Lakini Mgongo wa Fossett, safu ya majabali anayoitaka Babu, una vibali viwili tu: kimoja cha wenye pointi, kingine cha bahati tupu. Na wazee wenye pointi kama zake si haba.

Nimepiga hesabu ofisini, nimejificha nyuma ya ramani za viwanja. Kuongeza pointi haiwezekani. Kupunguza waombaji inawezekana.

Nimeogopa mara tu nilipoandika hivyo.

Jumanne, 4 Aprili
Mkahawani kwa Lorna, wawindaji wamejaa. Nilikusudia kutangaza kwamba kondoo wa Fossett wana homa ya mapafu. Nikaghairi. Nikamnong'oneza Lorna peke yake, macho kikombeni, kwamba nimesikia wawili wanakohoa. Akauliza nimesikia wapi. Nikasema, kule kule. Akasema masikini viumbe wa Mungu, akanikatia pai.

Hapa kila mtu anajua maana ya kikohozi. Nilipoanza shule, kondoo wa bonde la jirani walikohoa majira ya baridi. Theluji ilipoyeyuka tulikuta mifupa.

Ijumaa, 7 Aprili
Kikohozi kimeenea! Fundi wa matairi ameniambia, kwa huzuni, kwamba wanaokohoa ni ishirini, na shemeji yake kawaona kamasi zinatiririka. Nilishtuka kweli. Ikabidi nijikumbushe kwamba wawili wa kwanza niliwaambukiza mimi.

Darla Pruett wa meza ya pili, mwenye pembe za paa juu ya kalenda yake, ameuliza mbona nimepauka. Yeye haamini kikohozi asichokisikia kwa masikio yake. Kesho anapanda na darubini. "Twende, karani. Au unaogopa watakuambukiza?" Nimesema nina kazi nyingi. Jumamosi!

Jumapili, 16 Aprili
Kesho ndio mwisho wa maombi. Nimemkuta Babu akitazama picha iliyo juu ya jiko: yeye na marehemu kaka yake Verl huko Fossett, theluji magotini. Hakuna kondoo hata mmoja. Wanacheka tu.

Nikamwuliza kama ameomba. Ameomba pointi tu; fomu inaruhusu. Kibali hakitaki mwaka huu. Hawezi kupanda kumpiga dume wa mwisho wa kundi linalokufa. "Waache wapumue, mjukuu wangu. Na mimi nipumue."

Nikasema huenda ni uvumi. Akanitazama kwa huruma. Uvumi gani, na Lorna mwenyewe kasikia?

Nilifungua kinywa kumwambia. Nikaomba chumvi.

Alhamisi, 11 Mei
Matokeo. Waombaji wa Fossett wamepungua nusu. Mpango wangu umefaulu kabisa. Kibali cha wenye pointi amekipata daktari wa meno mwenye pointi chache kuliko za Babu. Cha bahati tupu amekipata Darla.

Akaniambia Jumamosi ile alikaa jabalini kutwa nzima asisikie hata chafya. Akanitazama kwa muda nisioupenda. Kisha, kwa sauti nyingine, akauliza kama Babu bado anazikumbuka njia za kule.

Jumapili, 3 Septemba
Fossett. Babu anamwongoza Darla njia, juu ya farasi, mimi nyuma na mzigo. Haruhusiwi kupiga hata risasi moja, wala hajali. Alimwonya Darla asimfuate dume: atangulie juu, amngoje upepo ukigeuka. Jiwe alilochemshia kahawa na Verl bado jeusi. Aliligusa kama mtu anavyogusa mlango wa nyumba aliyozaliwa, kisha akaniomba nichemshe nyingine hapo hapo. Nikaichemsha mno. Akasema ndiyo yenyewe.

Mlio mmoja tu, wa bunduki ya Darla. Dume mzee, pembe zimezunguka kamili. Babu alimvulia kofia. Halafu akatazama kundi lililobaki likipanda jabali, majike na wana wao, wanang'aa kwa afya. Bila kugeuka akasema kikohozi kimepona upesi sana. "Dawa gani hiyo, mjukuu wangu?"

Nikasema hewa ya huku ni safi.

Akacheka mpaka akakohoa yeye.

Jumatatu, 4 Septemba
Mgongo unauma. Darla ametugawia paja zima. Babu ana pointi zake zote na moja ya ziada, na asubuhi ameipaka bunduki mafuta bila kulalamika uzito. Ataomba tena. Nitambeba, ikibidi.

Nimetafakari kosa langu. Kikohozi kinatia huruma. Hapo ndipo nilipoharibu. Masika yajayo nitamnong'oneza Lorna kwamba huko Fossett ameonekana dubu. Mmoja tu, mkubwa. Babu haogopi dubu.

Mimi naogopa, lakini huyu nitakuwa nimemtunga mwenyewe.