Oili ya Kumpandishia Mama wa Karmeli

Jumatatu, 8 Julai

Daktari amesema moyo wangu hautafika Krismasi. Nikamuuliza kama utafika tarehe kumi na sita. Akasema huenda. Basi, tatizo liko wapi? Binti yangu Ligia alilia njia nzima. Mimi nilikuwa nawaza oili.

Tarehe kumi na sita ni sikukuu ya Mama wa Karmeli, Bikira Mtakatifu, msimamizi wa madereva wote. Magari, malori na pikipiki hupambwa maputo na kupanda kilimani hadi kikanisani, honi zikilia. Mbele kabisa hutangulia pikipiki yenye kigari cha ubavuni kilichobeba sanamu ya Mama. Dereva wake nimekuwa mimi kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka huu kamati ya madereva inamtaka Evelio Patiño, aliyekuwa akisambaza maziwa. Eti nimezeeka! Evelio ana miaka sabini na minane. Ananizidi ujana kwa miaka mitatu tu.

Padre Anselmo ameamua tushindane Jumamosi. Kila mmoja apande kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, akiwa na gunia la kahawa kwenye kigari badala ya sanamu. Atakayefika bila kusimama ndiye atakayembeba Mama.

Pikipiki yangu ni ya mwaka 1974. Haina maji wala feni, inapozwa na upepo tu. Ukienda polepole, upepo hakuna. Hapo injini inategemea oili. Na kuhusu oili, nani atanifundisha? Nimefundisha kemia miaka thelathini na minne.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda gereji kwa Nubia. Nilimfundisha zamani. Akasema nitie oili nzito ya pikipiki, ile ya kopo la bati. Nikaangalia bei. Ndiyo ya chini kuliko zote dukani! Mama wa Karmeli apandishwe kwa oili ya mashine ya kusaga mahindi?

Nimenunua ya dhahabu. Chupa ya dhahabu, kifuniko cha dhahabu, picha ya gari la mashindano. Muuzaji aliapa kwamba injini itateleza kama hariri. Nubia akashika kichwa. Akasema hiyo ni ya magari, na kwenye pikipiki yangu klachi inaogelea humo humo ndani ya oili ya injini. Kikiteleza kila kitu, klachi nayo itateleza. "Sasa Mwalimu, itashika nini?"

Nikamkumbusha kwamba mwaka 1988 alipata alama ishirini na tatu katika kemia. Akasema zilikuwa ishirini na tisa. Ana kinyongo, huyu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetia oili. Injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Ligia ameniletea arepa, mikate ya mahindi, zenye jibini, nikala mbili kwa furaha.

Kwa kuwa nakufa, niandike na hili. Miaka thelathini na mmoja iliyopita Evelio ndiye aliyechaguliwa kumbeba Mama. Usiku wa kuamkia sikukuu nilimtilia kwenye injini mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga ngozi ya nguruwe. Nilifanya hesabu ya joto kwa makini sana. Hesabu ya harufu niliisahau. Maandamano yote yalinuka kitoweo. Mbwa wa mji mzima walimfuata Mama wa Karmeli. Kwenye kona ya tatu injini ikakwama, nami, kwa bahati njema, nilikuwa nyuma yake na kigari kitupu.

Tangu siku hiyo Evelio anaitwa Kikaango. Hata kwenye daftari la kamati.

Inanisumbua. Nitamwomba radhi kabla ya kufa. Baada ya tarehe kumi na sita, bila shaka. Mambo yaende kwa utaratibu.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu!

Kwenye tambarare nilikwenda kama malaika. Kilima kilipoanza, injini ikapiga kelele, mapezi ya kupozea injini yakachemka, na pikipiki ikasimama palepale. Nikaongeza mafuta. Kelele zikaongezeka, mwendo haukuongezeka. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto mchanga akanipita. Akasimama kununua aiskrimu, akanipita tena.

Evelio naye akanipita taratibu kama nyumbu abebaye magunia ya kahawa, gunia lake limetulia. Akaniuliza, "Vipi Mwalimu, unamsubiri mtu?"

Umati ukacheka. Nubia hakucheka. Alinisaidia kusukuma. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumapili, 14 Julai

Nusu chupa ya dhahabu imebaki. Geti la Evelio halina kufuli, na saa tano yeye huwa misani. Kumbe Mungu bado ananipenda!

Vikombe viwili tu vingetosha. Nilifika, nikainama, nikafungua kifuniko cha oili cha pikipiki yake. Halafu moyo ukaanza vituko vyake, nikajikuta nimekaa chini sakafuni, siwezi kuinuka. Nikakaa nikihesabu pumzi. Niliogopa kweli. Niliogopa kufa nimekumbatia chupa ile, Ligia aje kuambiwa.

Evelio alirudi akanikuta. Akauliza nafanya nini. Nikasema nimekuja kuungama. Na nikaungama! Mafuta ya nguruwe, mbwa, kona ya tatu, yote.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na faneli ya bati, ya kumiminia oili. Ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: Maabara ya Kemia. Mwandiko wangu. Akasema niliisahau juu ya kiti cha pikipiki yake usiku ule, na kila akibadilisha oili huitumia hiyo hiyo.

"Miaka yote hiyo ulijua?"

"Tangu asubuhi yake, Mwalimu. Mji huu una maabara ngapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alipokwama kwenye kona, Fabiola, aliyeishi pale pale, alitoka nje kuuliza nani anauza nguruwe wa kukaanga. Wakaoana Desemba. Lakini jina la Kikaango, akasema, liliuma. Wajukuu zake wanaitwa Vikaango shuleni.

Akaninyanyua. Akasema Jumanne nitakaa kwenye kigari nimshike Mama asianguke. Kwa masharti mawili: niwaeleze madereva wote ukweli, na nisiguse oili.

Jumanne, 16 Julai

Nimesema. Mbele ya malori arobaini, kwa kipaza sauti cha Padre. Kisha dereva mmoja wa lori akapiga honi, wakafuata wote. Evelio alikuwa anafuta miwani. Katibu wa kamati akafuta jina la Kikaango daftarini, akauliza kama aniandikie mimi.

Tukapanda. Nilimkumbatia Mama wa Karmeli kona zote kumi na nne. Injini ilikuwa ya moto kama jiko lakini haikukohoa hata mara moja. Oili ya kopo la bati. Nubia alisimama kikanisani akinitazama. Nilijifanya nasali.

Siku njema kuliko zote maishani mwangu.

Jumatano, 17 Julai

Evelio amekuja kunywa kahawa. Nimemwomba, siku yangu ikifika, jeneza langu lipande kilima kwenye kigari chake. Amekubali. Amelia kidogo, nami kidogo. Amenirudishia faneli iwe ukumbusho.

Kitu kimoja tu kinaninyima raha. Safari yangu ya mwisho, tena mimi mtu wa kemia, na oili ya kopo la bati?

Nusu chupa ya dhahabu bado iko chini ya kitanda. Faneli ninayo. Jumapili saa tano yuko misani. Safari hii nitakwenda na kigoda.

Klachi ikiteleza, iteleze. Siku hiyo sitakuwa na haraka.