Kidole Kisichokunjika

Jumatatu, 23 Juni 1975

Mwalimu Dunstan wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku, hata mistari miwili, la sivyo herufi zitatutoroka. Mimi nimekimbiza mbuzi watoro tangu utotoni. Herufi zitanifanya nini?

Leo zamu ya maji ilikuwa ya Hamisa. Kaja, shikamoo bibi, kamimina debe mtungini, haya kwaheri bibi. Marahaba yangu ilimkuta barabarani.

Nieleze habari ya mguu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na nundu kama kitunguu, kimewalalia wenzake. Mwezi wa pili nikapelekwa hospitali Korogwe. Wakapasua, wakachonga mfupa, kiungo wakakifunga kabisa. Sasa kidole kimenyooka. Hakiumi. Ila hakikunjiki. Kuchuchumaa siwezi. Kandambili haikai, inaniacha njiani kama mume wangu wa kwanza. Nikikaa tahiyatu kwenye swala vidole vingine vyote vinainama, chenyewe kimesimama kama mtu mkutanoni anayetaka kuuliza swali.

Kimepona zamani. Sijamwambia mtu. Mzee Semboja, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyepanga wanawake waniletee maji kwa zamu mpaka nipone. Nikipona, zamu imekwisha. Zamu ikiisha, nani atafika hapa? Mwaka jana walipotuhamishia kijijini walitupanga mstari, na nyumba yangu ikawa ya mwisho. Baada yangu ni pori. Kule kwangu kwa zamani, upande wa Kang'ata, njia ya kisimani ilipita mlangoni, nikawa nafukuza watu. Hapa anayepita ni mbuzi wa Mashavu, naye haamkii.

Wodini Korogwe jirani yangu wa kitanda alikuwa Grasiana, Mshambaa wa Lutindi, kavunjika paja. Tuligombana tangu chai ya asubuhi mpaka kuzimwa taa. Siku zile zilikuwa nzuri.

Jumatano, 25 Juni

Nimepata akili.

Mtungi mkubwa nimeusukuma uvunguni. Nikatoa ule wa shingo nyembamba, na kata ndogo kuliko zote. Kaja Swaumu na debe lake. Nikamwambia asimimine, atavunja shingo ya mtungi, achote kwa kata. Akachota. Na anayechota lazima akae, na anayekaa lazima asikilize.

Nikamhadithia upasuaji. Nimeongeza kidogo. Daktari alilowa jasho, nesi akazimia. Swaumu akasema, bibi, juzi aliyezimia alikuwa daktari. Nikamwambia walizimia wote wawili, wewe ulikuwepo?

Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika jikoni. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 26 Juni

Zamu ya Mashavu. Huyu ni jirani yangu wa nyumba ya pili, mumewe yuko kwenye mkonge Korogwe, kamletea redio. Jioni kijiji kizima kimejaa kwake. Redio yenyewe haina adabu, inasema peke yake, haiulizi mtu kaamkaje.

Kaja na debe kichwani na kibuyu kwapani. Kibuyu kimekatwa kitako. Akakipachika kwenye shingo ya mtungi, akamimina debe lote mara moja, tone halikumwagika. Kasema Swaumu alimweleza shida yangu, basi kaona anisaidie. Kibuyu kaniachia, eti na wengine wakitumie.

Nimekivunja. Nitasema mbuzi wake.

Ijumaa, 27 Juni

Kama mtu aliyepona hatembelewi, basi sikupona.

Nimefunga mguu kwa kitambaa cha kanga mpaka ukawa kama mzinga wa nyuki. Hamisa alipoingia nikagumia. Sikugumia sana, mimi si mtu wa makelele. Akaniuliza bibi kulikoni. Nikasema usijali mwanangu, nendeni shamba la kijiji mkalime, mimi niacheni hapahapa nioze.

Maneno hayo yalikwenda mbio. Kabla ya adhuhuri kafika mzee Semboja mwenyewe, kavua kofia kama amekuja kwenye maiti. Akataka kuuona mguu. Nikasema upepo hautakiwi kuugusa, amri ya daktari. Akasema ataitisha kikao cha nyumba kumi jioni hii hii wanizungumzie.

Nyumba kumi nzima wananizungumzia mimi! Nimefagia uwanja. Nimetoa vigoda vyote. Kesho watajaa hapa, na redio itazungumza na mbuzi.

Jumapili, 29 Juni

Kikao kimeamua. Wameniletea pipa.

Pipa kubwa la chuma, lililokuwa la mafuta ya trekta. Wanaume wamelibingirisha mpaka kwenye kona ya ukuta. Wanawake wote wa nyumba kumi wamelijaza leo kwa pamoja, wakaondoka kwa pamoja. Mzee Semboja kasimama kulitazama kama amelizaa. Kasema, bibi Mwaija, sasa umepumzika, hutasumbuliwa tena na watu kuingia na kutoka kila siku. Maji hayo utakaa nayo wiki mbili.

Kisomo pia nimesamehewa. Mwalimu Dunstan kasema nisijikokote kwa mguu ule, niandike nyumbani.

Nikawaambia asanteni.

Vigoda nimevirudisha ndani.

Jumatano, 2 Julai

Jumatatu hakuja mtu. Jana hakuja mtu. Leo nilisikia kikohozi nje nikatoka na mkeka. Mbuzi.

Nimemwandikia barua Grasiana. Sina anwani yake zaidi ya Lutindi, na Lutindi ni mlima mzima. Halafu nikakumbuka Grasiana hajui kusoma. Nimeiweka chini ya mto.

Mwanangu Mdoe yuko Tanga bandarini. Mara ya mwisho alisema atakuja mvua zikiisha. Zimekwisha, na vumbi limeanza.

Nimelitazama pipa siku nzima. Ndilo adui. Likiisha maji, watakuja kulijaza.

Nyuma ya nyumba kuna mchicha wangu niliopanda mwezi wa tano, umesinyaa kama uso wa Mashavu. Nimechota, nimemwaga. Nimechota, nimemwaga. Kitambaa cha mguuni nilikivua, kinazuia kutembea. Mpaka jua linazama nimefika chini ya pipa.

Ijumaa, 4 Julai

Jana nililigonga pipa tupu mpaka kijiji kizima kikasikia. Leo wamekuja. Wanawake wote, na madebe, wakiimba njia nzima kutoka korongoni. Uwanja wangu ulikuwa kama una harusi. Hamisa kakaa kunyonyesha. Swaumu kaniomba ugoro. Nilimkaripia kila mmoja kwa jambo lake, sikumwacha mtu.

Mzee Semboja kainama kulichunguza pipa. Haamini kwamba mwanamke mmoja mgonjwa anakunywa kiasi hicho. Kasema linavuja. Nikasema nami nimelisikia likivuja, hasa saa za alasiri. Kaleta lami, kalipaka kitako ndani na nje kwanza, ndipo wakalijaza.

Sasa maji yananuka barabara mpya. Chai ya jioni nimeinywa huku nimefumba macho.

Mashavu hakukaa wala hakuimba. Alikuwa anatazama upande wa nyuma ya nyumba. Simpendi mtu anayetazama.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Lori la kupeleka watu Kabuku kwenye sherehe lilifika asubuhi. Nilikuwa nimeamka na giza, nimeoga, nimejifunga kanga mpya doti nzima. Nikasimama mlangoni. Kidole nacho kilikuwa tayari.

Lori likapiga honi pale kwa Mashavu. Wakapanda wote. Mzee Semboja akanipungia mkono kutoka juu. Akapaza sauti kwamba nisihangaike kutoka, wanajua hali yangu, watanihadithia.

Ningeweza kupiga kelele nimepona. Kinywa nilikifungua kabisa. Lakini mbele ya lori zima? Nikampungia.

Kijiji kimya. Sijapata kusikia kijiji kimya namna ile mchana. Nilikwenda mpaka nyumba ya kwanza ya mstari na kurudi. Kila mlango umefungwa. Kwa Mashavu redio ilikuwa ndani ya dirisha, imezimwa. Nikaiamkia. Nimeandika hili na sitalifuta, kalamu ya wino haifutiki.

Nikarudi nikamwaga maji ya pipa mpaka nusu. Mchicha umefika magotini.

Usiku walirudi wanaimba. Hakuna aliyefika kunihadithia. Walikuwa wamechoka.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekamatwa.

Mashavu alikuja kumtafuta mbuzi wake. Kamkuta nyuma ya nyumba yangu, amesimama katikati ya mchicha, anatafuna, tumbo kama ngoma. Kijani kile! Pande zote nyasi zimekauka kama mkeka, na kwangu kama bustani ya mzungu wa mkonge. Na udongo umelowa. Na kwenye udongo kuna nyayo. Wa kushoto vidole vyote vimebonyea. Wa kulia kidole kimoja hakikugusa chini hata mahali pamoja. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka kwenye pipa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kata mkononi. Mguu hauna kitambaa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Kaketi juu ya jiwe la kufulia akaanza kunisema. Kasema maji hayo yanatoka korongoni, na korongo sasa ni mchanga, mtu anachimba shimo na kungoja maji yajitokeze kidogokidogo. Kasema Hamisa amebeba debe huku ana mtoto mgongoni. Kasema yeye shingo inamuuma mpaka leo, na bibi mzima, mwenye mvi, anamwagia mchicha.

Nikamwambia mbuzi wake ni mwizi. Akasema mbuzi ni shahidi.

Akasema mengi. Jua likatoka kwenye mchicha likahamia ukutani, yeye bado ananisema. Mimi nikavuta kigoda. Nikamjibu. Akanijibu. Nikamkumbuka Grasiana. Nikaona hata chai naweza kumpa, nikampa, akainywa, akasema inanuka lami, akaendelea kunisema.

Mwishoni akaniuliza kwa nini. Nikamwongezea chai. Akatazama mlango wangu, akatazama pori, akavitazama vigoda vimepangwa. Akasema polepole kwamba ningesema tu. Ningesema njooni mkae, wangekuja.

Nikamwambia mimi, binti Sadala, sijawahi kumwomba mtu aje. Wanakuja wenyewe.

Akanyanyuka, akamvuta mbuzi wake. Akachuma na mchicha.

Jumamosi, 12 Julai

Jana mzee Semboja kaja. Safari hii kofia hakuvua. Pipa limebingirishwa kwenda shuleni. Zamu imefutwa. Adhabu yangu ni kuteka maji yangu mwenyewe korongoni pamoja na wenzangu, na ndoo moja ya shule kila Jumamosi.

Pamoja na wenzangu! Kazi hii ningeipata tangu mwezi wa nne bila kuvunja kibuyu. Leo nimevaa katambuga, hivi viatu vya tairi, kwa sababu soli yake haikunjiki kama mimi. Nikatoka nao alfajiri. Nilikuwa na maneno ya wiki tatu kifuani.

Hawa wanawake wanatembea kama wanafukuzwa. Kwenye tambarare nilikuwa nao. Kwenye mteremko nikaanza kubaki, kidole hakisukumi, mguu unatua kama ubao. Nikawa nasikia vicheko tu mbele. Halafu nikawa sisikii. Nilipofika korongoni wao wametwika, wanarudi. Shikamoo bibi, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Nikaitikia wote. Nikabaki na shimo.

Swaumu alikuwa amesimama njia panda wakati wa kwenda. Aliuliza, bibi, tukungoje? Nikamwambia nendeni, nani kakuambia nachelewa, nafurahia upepo.

Sasa ndiyo kidole kinanitesa kweli, na hakuna atakayesadiki.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata akili.

Leo nimetangulia. Nimetoka kabla ya muadhini, polepole, peke yangu na katambuga zangu. Nilipofika nikachagua shimo. Shimo lenye maji safi ni moja tu, mengine yana tope. Kuchuchumaa siwezi, kila mtu anajua, hospitali inajua. Nikakaa chini juu ya mchanga, miguu nimeinyoosha huku na huku, shimo katikati. Kidole kimesimama juu kama bendera.

Wakafika na madebe yao, wakapanga foleni. Nilikuwa nachota kwa kikombe.

Hamisa akauliza kata iko wapi. Imepotea. Mashavu akataka kunijazia yeye. Nikasema la, kikao kimeamua nijitekee mwenyewe, au mnataka kumpinga balozi? Mashavu akanitazama sana. Halafu akatua debe lake, akaliinamisha, akalikalia. Na wengine wakakaa.

Hamisa kasema mtoto ameota meno mawili. Swaumu anagombana na wifi yake. Nikatoa hukumu, wifi ana haki. Sherehe za Kabuku nimehadithiwa zote, mpaka aliyeanguka kutoka kwenye lori. Nikawahadithia upasuaji. Safari hii daktari, nesi na mpishi. Mashavu akasema huyo mpishi alifuata nini huko. Wakacheka mpaka ndege wakaruka.

Ndoo ikajaa. Sijui nani aliijaza upesi hivyo, nadhani ni mimi mwenyewe kwa kujisahau.

Kurudi, Mashavu akapunguza mwendo kwenye mlima. Akasema shingo inamuuma, hawezi kwenda mbio. Nikamwambia asijisingizie ugonjwa, ni tabia mbaya, awafuate wenzake. Akawafuata. Nikapanda peke yangu. Mlima ule ni mrefu.

Kikombe kilikuwa kikubwa mno. Kesho nakwenda na kijiko.